Mpira ukikwama paani, nani aamue?

Jumamosi moja alasiri nilikuwa nimetoka soko la Toi kutafuta viatu vya mitumba, nikakata njia kupitia Makina, Kibera, nikielekea upande wa reli. Katika uchochoro mmoja uliopanuka kidogo kama ua, nikawakuta wasichana watatu wakicheza kati. Nikasimama. Mwanamke wa umri wangu, aliyekulia Kawangware, hapiti mahali panapochezwa kati bila kusimama.

Msomaji aliyelelewa Nairobi hahitaji kuelezwa mchezo huu, na wa Dar es Salaam huenda akautambua kwa jina la rede. Kwa faida ya wengine, wawili husimama pande mbili wakirusha mpira kwa nia ya kumpiga aliye katikati. Huyo wa katikati hukwepa, na kila mpira unapompita na kwenda mbali hupata fursa ya kuinama na kujaza mchanga katika chupa. Chupa ikijaa kabla hajapigwa, ameshinda. Na kwa kanuni ya wasichana hawa, akiudaka mpira kabla haujagusa ardhi, hupewa uhai mmoja wa akiba, yaani laifu, kama wasemavyo wenyewe.

Basi mrushaji mmoja alirusha kwa hasira. Mpira ukapaa, ukatua juu ya mabati ya nyumba iliyopakana na uwanja wao, ukakwama baina ya jiwe na tairi kuukuu vilivyowekwa kuzuia paa lisipeperushwe na upepo. Yule wa katikati hakupoteza muda. Aliinama, akaanza kujaza chupa kwa viganja viwili.

“Mpira imekwama! Wacha kujaza!” wakampigia kelele.

“Kukwama sio kukufa!” akajibu, huku akijaza.

Nakiri kwamba nilifurahi mno. Miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wa chuo kikuu tofauti baina ya vitenzi vinavyotaja tendo na vile vinavyotaja hali, na hapa mtoto wa miaka tisa hivi alikuwa ameisema kwa maneno matatu. Nikawa natafuta kalamu mkobani ili niyaandike. Nilipoinua macho nikamwona mvulana mdogo, ndugu wa mmoja wao nadhani, ameshakanyaga kizingiti cha dirisha na mkono wake umefika ukingoni mwa paa. Juu ya paa hilo zilipita nyaya mbili za umeme wa sambaza, zimefungwa kwenye kijiti, na mmoja wao ulikuwa umechunika.

Furaha yangu ikaisha papo hapo. Kabla sijapata sauti, mama mmoja aliyekuwa akikaanga mandazi upande wa pili aliinuka na mwiko wake. “Wewe! Shuka hapo sasa hivi! Mpira ikipanda juu ya nyumba, gemu imesimama. Hakuna kujaza, hakuna kupanda. Mtangoja mwenye nyumba arudi.”

Mvulana akashuka. Mchezo ukasimama. Ikabaki hoja moja tu, nayo ni mchanga kiasi gani umwagwe kutoka chupani, kwa kuwa sehemu yake ilijazwa kabla ya mpira kukwama na sehemu baada yake. Walibishana juu ya hilo kwa makini ambayo sijayaona katika vikao vingi vya watu wazima, wakakubaliana kumwaga viganja viwili.

Nimeisimulia habari hii kwa urefu kwa sababu naona kwamba watu huidharau. Mpira uliokwama huonekana kuwa kichekesho, jambo la kupoteza dakika mbili na kuendelea. Lakini katika mitaa kama Kibera na Kawangware, ambako uwanja umebanwa na kuta, mitaro, mabati na nyaya, uamuzi juu ya mpira uliokwama ndio unaoamua kama mtoto atapanda juu ya paa au hatapanda. Mtoto hapandi kwa utundu. Hupanda kwa sababu kanuni inamlipa akipanda na kumwadhibu akikawia.

Mimi nalijua hilo kwa njia isiyonipa fahari. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, pale Gatina, Kawangware, kanuni yetu ilikuwa kwamba aliyeurusha mpira ndiye auchukue, na chupa iendelee kujazwa mpaka arudi. Siku moja mpira ulikwama juu ya paa la nyumba ya jirani. Rafiki yangu alipanda. Mabati yalikuwa yameliwa na kutu, yakampasukia chini ya miguu, akaanguka ndani ya chumba cha watu. Mkono wake ulivunjika kwenye kiwiko, na hadi leo haunyooki sawasawa. Aliyekuwa katikati siku hiyo nilikuwa mimi. Nakumbuka kishindo chake, na nakumbuka pia kwamba nilipokisikia sikuacha kujaza mara moja. Chupa ilikuwa karibu kufika shingoni.

Sasa tuangalie wenzetu walioandika kanuni zao vitabuni wamelifanyaje jambo hili. Mchezo uliolishughulikia kwa uchambuzi mkubwa kuliko yote ni besiboli ya Wamarekani, ambao hapa kwetu wengi huujua kupitia binamu yake wa shuleni, raunda. Katika besiboli mpigaji huupiga mpira kwa gongo kisha hukimbia akizunguka vituo vinne, na wapinzani wanapokawia kuupata mpira, yeye huongeza vituo. Kwa hiyo swali lao ni lile lile la chupa na mchanga. Mpira ukikwama, je, mkimbiaji aendelee kuvuna?

Jibu lao ni hapana. Mpira ukikwama huhesabiwa kuwa umekufa, na mkimbiaji hupewa kipimo maalumu, si zaidi wala si pungufu. Mpira uliorushwa ukinasa katika barakoa ya chuma ya mwamuzi au ya mdakaji aliye nyuma ya mpigaji, kila mkimbiaji aliye kituoni husogea kituo kimoja. Mpira halali ukidunda na kuingia katika jukwaa la watazamaji, au ukanasa kwenye uzio au mimea, ni vituo viwili. Pale Chicago, katika uwanja wa Wrigley Field, ukuta wa nyuma umefunikwa na mimea itambaayo iliyopandwa mwaka 1937, na mpira huzama humo mara kwa mara. Mchezaji anayeufuata hujua la kufanya: huinua mikono yote miwili juu kumwonyesha mwamuzi kwamba mpira umekwama. Akiwa mjinga akaingiza mkono kuupapasa, mwamuzi huweza kuuhesabu kuwa ungali hai, na mkimbiaji akaendelea kukimbia.

Tazama basi msomaji. Kelele ya “Mpira imekwama!” ya Makina na mikono miwili ya Chicago ni tendo moja. Yote mawili ni kauli ya mchezaji inayomwomba mwenye mamlaka aibadilishe hali ya mpira kutoka kuwa hai hadi kuwa mfu. Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alitufundisha kwamba yapo maneno yasiyoeleza jambo bali hulitenda: hakimu anapohukumu, kadhi anapofungisha ndoa. Mpira haufi wenyewe. Hufa unapotamkiwa kwamba umekufa. Kwa hiyo yule msichana wa chupa, kwa mujibu wa nadharia, alikuwa na haki kamili mpaka pale mwiko ulipoinuliwa.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha Minneapolis, tarehe 4 Mei 1984. Uwanja wa huko ulikuwa na paa la kitambaa. Dave Kingman wa timu ya Oakland aliupiga mpira juu kabisa, wapinzani wakakaa chini wakiungoja, wakangoja, mpira usishuke. Ulikuwa umeingia katika tundu la paa ukabaki huko. Waamuzi walimpa vituo viwili. Hawakumtuma mtu juu ya paa.

Na hapa ndipo penye jambo ninalolithamini katika besiboli. Kando ya kitabu cha kanuni za wote, kila uwanja una kanuni zake ndogo zinazotokana na umbo lake: mimea hapa, paa pale, nguzo kwingine. Waamuzi na viongozi wa timu hukutana kabla ya mchezo kuanza, na kanuni hizo zikaeleweka kwa pande zote mbili. Kriketi nayo ilikuwa na mti wake. Katika uwanja wa Canterbury, Uingereza, palikuwa na mti mkubwa ndani ya mpaka wa kuchezea, na ilikubaliwa kwamba mpira ukiugusa ni mbio nne, hata ungekuwa unapaa kwenda nje. Mti huo ulianguka Januari 2005. Kibera na Kawangware vina vitu vingi vya namna hiyo kuliko Canterbury. Upo mtaro wa maji machafu. Yapo mabomba ya maji yapitayo juu ya nguzo katika baadhi ya vijiji vya Kibera. Ipo reli iendayo Kisumu, ambapo nimewaona wavulana wakiacha kandanda, wakikaa kando mpaka garimoshi lipite, kisha mpira ukarudishwa pale pale uliposimamia. Hiyo ni kanuni ya uwanja, na hakuna aliyeiandika.

Kriketi iliwahi kuwa na kanuni nzima juu ya mpira uliopotea. Mpira ukiingia kichakani usionekane, mchezaji wa upande unaoutafuta aliweza kutamka kwamba umepotea, na wapigaji wakapewa mbio sita, au zaidi kama walikwisha kukimbia zaidi. Adhabu ni kubwa, lakini ina mwisho. Tangu mwaka 2017 kanuni hiyo haisimami peke yake. Mpira usioweza kupatikana huhesabiwa tu kuwa umekufa. Naona wangeifaa sana Kibera ya zamani, ilipokuwa bado ni msitu. Jina lenyewe, kama wajuavyo Wanubi waliolileta, ni Kibra, nalo lina maana hiyo hiyo ya msitu.

Ugumu wa pili ni wa kudaka. Wiki mbili baada ya siku ile ya mwiko nilirudi Makina, mara hii kwa makusudi, nikawakuta wasichana wale wale katika ubishi mpya. Mmoja alikuwa amevaa sweta ya shule, akaivuta mbele kwa mikono miwili kama beleo, na mpira ukaangukia humo. Akadai laifu. Wenzake wakakataa. Waliponiona wakanikimbilia. “Anti, si wewe ni mwalimu? Amua!”

Nilijaribu kuamua, na nikagundua kwamba sikuwa na la kusema, kwa sababu hata vitabu vikubwa havikubaliani. Katika besiboli, kudaka ni kuumiliki mpira ungali hewani kwa mkono au glavu na kuushika imara. Ukitumia kofia, mfuko au sehemu yoyote ya vazi kuupata, hukudaka. Katika kriketi ni kinyume: mpira ukinasa kwa bahati ndani ya nguo za mdakaji kabla haujagusa chini, mpigaji ametoka. Lakini ukinasa katika nguo za mpigaji, mpira umekufa. Hata kofia ngumu ya kichwani ina historia yake, maana zamani mpira uliokwama kwenye kofia ya mdakaji ulihesabiwa kuwa mfu, na tangu mabadiliko ya mwaka 2017 ni halali, mpigaji hutoka. Michezo miwili inayofanana, nguo ile ile, hukumu mbili. Mtu asiniambie basi kwamba kudaka ni jambo la macho tu.

Wapo walioipeleka hoja mbali zaidi. Mwezi Septemba 1986, Terry Mulholland wa timu ya San Francisco aliudaka mpira uliopigwa ukamnasa glavuni, akashindwa kuutoa. Alivua glavu, akaitupa pamoja na mpira ndani yake kwa mwenzake aliyesimama kituo cha kwanza. Yule akaidaka glavu. Mwamuzi akasema mkimbiaji ametoka. Sijaona ubaya wowote katika uamuzi huo, maana mpira ulikuwa umemilikiwa, hata kama haukuguswa.

Wakenya wa rika langu wanao mfano wa kwao. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, timu yetu ya kriketi iliishinda West Indies katika Kombe la Dunia: sisi 166, wao 93. Brian Lara, mpigaji aliyeogopwa duniani kote, alitoka akiwa na mbio nane tu, mpira wa Rajab Ali ukimgusa gongo na kudakwa na Tariq Iqbal, mdakaji wetu mwenye miwani aliyekuwa amehangaika sana na mipira siku hiyo. Kitabu cha matokeo hakisemi kama mdako ulikuwa mzuri au mbaya. Kinasema kadakwa. Sheria haina nafasi ya uzuri.

Niliporudi nyumbani niliketi na tatizo la sweta, nikalitazama kwa jicho la taaluma yangu, na nikaona kwamba Kiswahili kina akiba ambayo waandishi wa kanuni za Kiingereza hawakuwa nayo, ndiyo sababu wakahitaji vifungu virefu. Sisi hatuna kitenzi kimoja cha tukio hili. Tuna kudaka, yaani kukipata kitu hewani kwa mkono, kitendo ambacho wasichana wa pwani na Tanzania hukifanyia mazoezi katika mchezo wa mdako, kijiwe kikirushwa juu na kudakwa kabla ya kuanguka. Tuna kukinga, yaani kutanguliza chombo au nguo ili kitu kiangukie humo, kama mtu akingavyo maji ya mvua. Tuna kunyaka, kwa ghafla na kwa pupa. Tuna kufumbata, ambacho ni kukifungia kitu ndani ya kiganja. Kiambishi hicho cha -at- utakiona katika kamata, kumbatia na ambata, na kila mahali kinabeba maana ya mshiko wa mwili na kitu. Halafu tuna kunasa na kukwama, ambavyo havihitaji mtendaji hata kidogo. Kukwama, kwa sura na maana, kuna undugu na inama, simama, tuama na gandama: ni vitenzi vya kukaa katika hali. Na hali hiyo huondolewa na mtu kwa tendo lingine, kukwamua.

Kwa hiyo sweta ya yule msichana haikudaka. Ilikinga. Kama kanuni ya kati ya Makina inasema “akidaka”, basi hana laifu. Na kama wanataka akingaye naye alipwe, waseme “akidaka au akikinga” kabla ya kuanza. Nadhani hapa ndipo waamuzi wetu wa mitaani wanapokosea, pamoja na marefa wa kandanda wanaopuliza filimbi Kawangware kila Jumapili katika mechi za kushindania mbuzi. Wanaazima neno la Kiingereza, kachi, wakidhani wameazima na sheria yake, kumbe neno moja hilo limeyafunika mambo matano ambayo lugha yao wenyewe ilikwisha kuyatenga.

Nao wenye kandanda wasijione wako salama. Tarehe 17 Oktoba 2009 mpira wa Darren Bent wa Sunderland uligonga puto la ufukweni lililotupwa na shabiki, ukamhadaa kipa wa Liverpool na kuingia wavuni. Refa alilikubali bao, mechi ikaisha 1-0, ingawa kanuni ilitaka mchezo usimamishwe na mpira uangushwe upya, kwa kuwa kitu cha nje kimeingilia. Pale Kawangware kitu cha nje ni kuku, au mkokoteni, au mtungi wa mtu anayetoka kuteka maji. Mara nyingi nimeona refa wa huko akiamua vizuri kuliko yule wa Sunderland, kwa kuwa kuku hamshangazi.

Jambo moja limebadilika tangu utoto wangu. Sisi tulicheza na mipira ya juala, plastiki juu ya plastiki, ikafungwa kwa kamba hadi ikawa ngumu. Ilikuwa myepesi, na upepo wa paani mara nyingi uliirudisha wenyewe. Tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, watoto wengi hushona soksi na kuijaza matambara au sponji ya godoro. Sisikitikii mifuko. Lakini mpira wa matambara ukinyeshewa huwa mzito, ukitua juu ya mabati haubingiriki, na msumari ukiushika hauuachi. Mipira inakwama zaidi leo kuliko wakati wetu, na juu ya paa la leo mna nyaya ambazo wakati wetu hazikuwapo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na hukumu yangu ya kudaka na kukinga, nimeiandaa kama muhadhara. Wasichana walinisikiliza kwa heshima. Yule mwenye sweta akauliza, “Sasa anti, tukisema kukinga pia ni sawa, ninapata laifu?” Nikasema ndiyo, mkikubaliana nyote kabla ya kuanza. Wakatazamana. Kisha wote watatu wakageuka upande wa karai.

Mama wa mandazi hakuinua hata kichwa. “Hiyo sweta ni ya shule,” akasema. “Mwenye ataivuta tena, nitaambia mamake.”

Ikawa mikono mitupu. Wakapima chupa, wakakubaliana ni nani aanze katikati, na mpira ukarushwa.